Tundu Nililoziba Majengo

Kijana akiniita leo nimuonyeshe namna ya kutundika kabati, kitu cha kwanza ninachofanya ni kumunyang'anya perseze, mashine ya kutobolea. Hapendi. Ameichaji tangu asubuhi, amefunga meshi mpya, ile ncha inayokula ukuta, anataka kusikia mashine ikilia. Ninamuambia: weka chini, gonga ukuta. Anagonga mara mbili, haraka, kama mutu anayebisha hodi kwa jirani, kisha ananiangalia. Ninamuambia: gonga tena, safari hii sikiliza.

Nimefanya kazi ya kuta hapa Goma tangu siku za kekee ya mukono mpaka hizi mashine zenu za betri. Nimetundika saa, vioo, misalaba, aya za Kurani ndani ya fremu, televisheni, na makabati ya sahani yasiyo na hesabu. Sasa magoti yamekataa ngazi, nimebaki na mudomo. Mwenye atelie munapojifunza ameniomba niwaandikie juu ya sheviye, kile kidude kinachosukumwa ndani ya tundu kabla ya visi, yaani skrubu, ili visi ipate kitu cha kuuma. Anasema munatoboa kuta za watu ovyo. Nitawaandikia. Lakini nitawaambia pia juu ya tundu moja nililoziba katika mutaa wa Majengo, kwa Mama Furaha, na namna tundu lile lilivyokaribia kumutoa mama huyo ndani ya nyumba yake. Sijalisimulia mbele ya vijana. Nadhani nilikuwa ninangoja kwanza niache kazi.

Sheviye haichaguliwi dukani, inachaguliwa mbele ya ukuta. Hapa kwetu kuna kuta za mawe ya volkano, na hizo zina uongo wake. Jiwe linaonekana gumu, unatoka jasho, halafu meshi inaangukia ndani ya kijipango cha hewa na sheviye yako inapotelea humo. Huko tulikuwa tunachonga kigingi cha karitusi, tunakipigilia, visi inaingia ndani ya kigingi. Kuna kuta za mbao tupu, hizo visi inatosha. Na kuna jipsi: ubao wa unga mweupe uliobanwa kati ya karatasi mbili, umepigiliwa juu ya shevro, ile miti ya muraba inayosimama ndani ya ukuta. Kati ya shevro na shevro hakuna kitu, ni hewa. Ndiyo maana ninasema gonga. Penye hewa panalia, penye shevro pananyamaza.

Jipsi niliiona mara ya kwanza baada ya mulima kumwaga moto mujini, mashirika yalipokuja na kujenga maofisi ya haraka haraka. Muzee Ramazani, mwalimu wangu, aliisukuma kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Deo," akasema, "hii ni ukuta ao ni mukate?"

Tulitundika saa ya ofisi kwa sheviye za matofali, kwa nyundo, vile tulivyozoea. Sheviye ikazunguka ndani ya tundu lake na unga ukamwagika sakafuni. Ramazani akasukumiza humo kipande cha karatasi alichokitafuna, akasema imekaa. Saa ilikaa mpaka adhuhuri, ikaanguka katikati ya mukutano. Mukubwa wa ofisi alitazama saa ya mukononi mwake. Tangu siku ile nyundo yangu haikukaribia jipsi tena.

Kwa hiyo shikeni hivi. Kalenda, picha nyepesi: musumari mwembamba uliopigwa kwa kuinama. Saa, kioo cha kunyolea: sheviye ya kujikaza, ile nene yenye meno mapana, inaingia kwa turnevisi, bisibisi yenu, polepole. Kabati, televisheni, kitu chochote ambacho wewe mwenyewe hungependa kikuangukie: tafuta shevro. Unaweza kuipata kwa sumaku. Mimi nilitumia sumaku ya spika ya redio iliyokufa, niliifunga uzi, ninaipitisha ukutani, inapovutwa na musumari ndipo shevro ilipo. Ukikosa shevro mahali unapotaka, hapo tu ndipo unachukua parapli, sheviye ya chuma yenye mabawa. Unaikunja, unaipitisha tunduni, inafunguka nyuma ya jipsi na kushika kwa ndani. Ukisikia imeuma, ongeza nusu ya muzunguko, uache. Kijana anayeongeza muzunguko muzima anavunja jipsi kwa nyuma, na haoni, anakuja kuona mwezi ujao sahani zikiwa chini. Na kwa kuwa ardhi yetu haitulii, usitundike kitu kizito juu ya kichwa cha mutu anayelala, hata akikuomba kwa magoti. Rudi baada ya tetemeko, ukaze.

Pima pia unene wa ukuta kabla ya kuchagua visi. Hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa ninatundika saa katika nyumba ya vyumba vya kupanga, mbao nyembamba kati ya mupangaji na mupangaji, na nilichukua visi ndefu kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo mufukoni. Upande wa pili alikaa katekista mumoja, mutu mupole sana. Alitoka misa, akakaa kula, akaegemea ukuta wake. Baada ya muda akaja na shati mukononi, lina tundu mugongoni, akaniuliza bila kupandisha sauti:

"Papa, uko unatundika saa ao uko unanitundika mimi?"

Ramazani alicheka wiki nzima. Alikuwa seremala, baba yake alitoka Maniema, Kasongo. Yeye anaswali, mimi ninaenda misa, na hatukugombana ila juu ya kekee, maana sisi wawili tulikuwa na kekee moja. Meshi yake kubwa ilivunjika ncha zamani, akaipeleka kwa muhunzi, ikarudi na unene usiopatikana katika duka lolote. Ilikuwa ya kutobolea matundu ya parapli. Aliponiachia vyombo vyake nilipata kekee pamoja na ile meshi, na ninawaomba muikumbuke, maana itarudi.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo fundi wa mahali pengine hawezi kulijua. Goma ilikuwa na watu wa aina mbili: wanaoogopa mulima na wanaoogopa bunduki. Anayeogopa mulima anaweka karatasi zake katika mukoba karibu na mulango, apate kukimbia nazo, maana lava haiachi nyumba. Anayeogopa bunduki anaziweka ndani ya nyumba, mahali ambapo mukono hautafika, maana mukoba ndio kitu cha kwanza unachonyang'anywa njiani. Huwezi kuwa wote wawili. Katika nyumba nyingi muke alikuwa wa upande mumoja na mume wa upande mwingine, wakabishana miaka.

Mama Furaha alikuwa mutu wa mulima. Yeye na mume wake, Innocent, walikuwa watu wa Rutshuru kama wazazi wangu. Siku ya volkano lava ilipita juu ya parseli yao, kiwanja chao cha nyumba, ikalala pale nyeusi. Furaha alikuwa amekimbia na mukoba mumoja, ndani yake karatasi ya parseli. Karatasi hiyo ndiyo iliyowarudisha, kwa sababu juu ya lava hakuna alama ya mpaka, kila mutu anaweza kusimama akasema mimi nilikaa hapa. Wakajenga tena juu ya lava ileile, nyumba ya mbao. Innocent alikuwa mufanyabiashara: anaenda Bunagana, kule kwenye mpaka wa Uganda, Jumatatu, anarudi Ijumaa na vitenge, sabuni na betri. Mutu anayepita barabara ile kila wiki, na vizuizi vyake, hawezi kuwa mutu wa mulima. Yeye aliogopa bunduki.

Alipopata kidogo akatuita, Ramazani na mimi, tuweke jipsi saloni nzima, sebule yao. Furaha alikuwa Rutshuru kwa mama yake. Tulipobakiza ubao mumoja Innocent akasema:

"Ule wa mwisho muache. Nitapigilia mimi mwenyewe."

Tulikuwa tumeshasikia maneno hayo katika nyumba nyingi. Hatukuuliza. Tuliegemeza ubao ukutani, tukakusanya vyombo. Njiani Ramazani akaniambia, na alikuwa hacheki: "Ubao wa mwisho ni wa mwenye nyumba. Usiutoboe hata siku moja. Na ukikuta kitu ndani ya ukuta wa mutu, hukukiona." Haikuwa adabu tu. Alimujua fundi aliyepigwa mpaka sikio moja likafa, kwa sababu waporaji walikwenda moja kwa moja kwenye ukuta alioutengeneza yeye. Hakuwa amesema kwa mutu, lakini alijua, na kujua kulitosha.

Siku Furaha aliponiita nimutundikie kabati la sahani, Ramazani alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa nimeanza kujiona fundi mukubwa. Ilikuwa Jumatano. Innocent yuko Bunagana, Furaha peke yake nyumbani. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, mbao zote zinafanana. Niligonga, nikapitisha sumaku, nikapata shevro moja kwa upande wa kushoto. Upande wa kulia shevro ilikuwa mbali, kabati lisingekaa katikati, na Furaha alilitaka katikati. Nikachagua parapli.

Sumaku ilikuwa imeniambia. Upande ule misumari ilikuwa imepigiliwa kwa mukono wa mufanyabiashara: hapa mitatu pamoja, pale hakuna kitu, kule mumoja umekimbilia ukingoni. Hakuna fundi anayepigilia vile. Nilipaswa kujua kwamba ninasimama mbele ya ubao wa mwisho. Nilikuwa nimesahau, na sikujipa nafasi ya kukumbuka, maana kulikuwa na mutu mwingine aliyeningoja na televisheni.

Halafu nikafunga meshi ya Ramazani, nikaegemea kekee. Ukishavuka jipsi unapaswa kusimama, meshi inakuambia yenyewe, inakuwa nyepesi. Mimi niliegemea kwa kifua. Meshi ikapita jipsi, ikapita hewa, ikauma kitu laini, kisha ikauma ubao wa nyuma. Nilipoitoa ilikuwa imevaa uzi wa plastiki ya buluu. Katikati ya unga mulikuwa na chembe za karatasi. Jipsi ina karatasi yake, ndiyo, lakini ile ni ya kijivu na nene. Hizi zilikuwa nyeupe, na moja ilikuwa na wino wa zambarau, wino wa muhuri.

Furaha alikuwa amechuchumaa, anafuta sahani zake moja moja, amenipa mugongo. Nilipangusa meshi kwa suruali yangu. Nikaziba tundu kwa mastiki, ule uji mweupe wa kuzibia kuta, nikalainisha kwa kidole, nikasogea shubiri moja kushoto na kutoboa tena, safari hii kwa adabu. Parapli ikafunguka. Kabati likapanda.

"Papa Deo, iko imara?"

"Mama, hata mulima ukicheza."

Akanipa chai, nikanywa. Nikaenda kwa mutu wa televisheni.

Nilijiambia kwamba ni sheria ya Ramazani: hukukiona. Ukweli niliujua hata siku ile. Sheria ile ilikuwa ya kufunga mudomo mbele ya watu, si mbele ya mwenye ukuta. Mimi niliona haya tu. Nilitoboa mahali ambapo hata mwanafunzi hatoboi, nikaona afadhali mastiki kuliko maneno.

Miezi michache baadaye waasi walikata barabara ya Rutshuru. Gari alilopanda Innocent lilirudi bila yeye. Wengine walisema aliteremshwa kwenye kizuizi, wengine walisema alivuka mpaka kwa miguu. Hakuna aliyeleta mwili. Furaha alimulilia bila kaburi, akavaa nyeusi, akaivua, akaanza kuuza sabuni yeye mwenyewe.

Kaka yake Innocent, Bosco, alikuwa amekimbia vita huko Rutshuru na watoto wake, na Furaha alimupokea. Mwaka wa kwanza alikuwa mugeni. Mwaka wa pili alikuwa anakalia kiti cha Innocent. Kisha akaanza kusema parseli ni ya familia yao, kwamba ilinunuliwa kwa ng'ombe za baba yao, na kwamba muke asiye na mume na asiye na karatasi ni mupangaji. Sisemi Bosco alikuwa mutu mubaya kuliko wengine. Alikuwa amepoteza mashamba na ndugu, na hapa aliona nyumba yenye jina la ndugu yake. Lakini karatasi ilikuwa wapi? Nakala hazikuwepo, daftari za zamani zilikuwa zimekwenda na moto. Furaha alijua tu kwamba siku moja mume wake aliitoa katika mukoba wake akasema ameiweka salama. Alimuuliza wapi. Innocent alimujibu kwamba mutu asiyejua hawezi kupigwa mpaka aseme. Alitaka kumulinda, na hakufikiria kwamba siku moja muke wake atauliza bila mutu wa kumujibu.

Habari hiyo niliisikia kwenye musiba mumoja, tumekaa chini ya hema, mama mumoja anamusimulia mwingine. Nilisikia "karatasi ya parseli", nikasikia "Majengo", na nikakumbuka ule wino wa zambarau. Nikajiambia: bahasha za plastiki ya buluu ziko nyingi Goma. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka. Munaweza kuniambia munachotaka, mimi mwenyewe nimeshajiambia.

Kisha akaniita. Hakuniita kutundika, aliniita kushusha. Kushusha nako ni kazi: ukifungua visi ya parapli yote, mabawa yanaangukia ndani ya ukuta na kabati linakuangukia wewe, kwa hiyo toa sahani kwanza, weka meza chini, upande wa shevro ufungue mwisho. Nilifanya hivyo. Furaha alikuwa anafunga sahani katika magazeti.

"Shusha polepole, Papa Deo. Hizi sahani ndiyo kitu tu chenye nitabeba."

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa dada yangu, Rutshuru, vita imetulia kidogo kule. Bosco amenipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Na karatasi?"

"Nimetafuta mpaka ndani ya godoro. Nimepasua mito. Nimepanda hata kwa dari, na umri huu. Haiko."

Kabati likashuka. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa bado na rangi ya maziwa, safi, kwa sababu moshi na jua havikuufikia. Na katika rangi ile, shubiri moja kulia kwa visi, kulikuwa na duara jeupe la mastiki yangu. Nililitazama. Nilikuwa nimelilainisha vizuri, kazi safi. Niliogopa. Mutu wa umri wangu, niliogopa mama mumoja mwenye gazeti mukononi.

"Mama Furaha," nikasema, "siku ile ya kabati nilitoboa kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Nilikikuta ndani. Nikaziba, sikukuambia."

Aliweka sahani chini, akaja akasimama karibu na ukuta, akaweka kidole juu ya duara lile. Mimi nikachukua kisu. Nilikata jipsi muraba kuzunguka mastiki, nikautoa wote muzima bila kuuvunja. Nyuma yake, juu ya ubao wa nje, bahasha ya buluu ilikuwa imepigiliwa kwa musumari mumoja, ina tundu.

Furaha alikaa sakafuni. Alitoa karatasi, iliyokunjwa mara mbili, akaikunjua juu ya mapaja yake. Tundu moja lilikuwa limekuwa manne. Moja lilikula pembe ya muhuri, mawili yalipita mahali pasipoandikwa kitu. La nne lilikuwa limepita katikati ya jina la Innocent. Jina la Furaha, lililoandikwa chini yake, lilikuwa zima.

Alilia kidogo, bila sauti, akiweka ncha ya kidole ndani ya tundu lile la nne. Mimi nilikuwa ninakusanya visi.

Bosco alipoonyeshwa karatasi alisema vile ambavyo mimi pia ningesema kama ningekuwa yeye. "Karatasi gani hii ya matundu-matundu? Imeandikwa juzi." Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, mwanaume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliigeuza na kuigeuza, akasema matundu hayo ni shida kweli. Karatasi halali haitoboki yenyewe. Furaha akaniangalia.

Nikaenda nyumbani kuchukua vyombo vya Ramazani. Siku ya pili tulikuwa sote saloni: shefu, Bosco na mutoto wake mukubwa, majirani wawili, Furaha. Nilikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, nikairudisha ndani ya bahasha, nikaitundika kwenye alama ya musumari wake. Nikarudisha muraba wa jipsi mahali pake na kuchokoa mastiki yangu. Kisha nikachukua meshi ya Ramazani, ile isiyo na unene wa dukani, nikaiingiza kwa mukono, bila kekee, bila kusukuma. Ilipita jipsi. Ilipita bahasha na karatasi, tabaka zote nne. Ikasimama ndani ya alama iliyoachwa katika ubao wa nyuma, ikatulia pale. Nikamuita shefu aishike. Akaitoa, akairudisha, akaitoa. Akamuita Bosco naye aishike. Bosco akairudisha mara moja tu, akaenda kusimama mulangoni.

"Basi karatasi ilikuwa humu ndani siku ile ya kabati," shefu akasema. "Na siku ile Innocent alikuwa muzima."

"Alikuwa muzima," Furaha akajibu.

Shefu akaandika. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Muzee, wewe ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua kuna kitu."

"Na juu ya nini ulinyamaza?"

Nilikuwa na sheria ya Ramazani tayari mudomoni. Nikaimeza. "Niliona haya," nikasema. Akaliandika neno hilo pia. Liko katika ripoti yake mpaka leo, juu ya sahihi yangu.

Bosco alipata nyumba ya kupanga upande mwingine wa muji. Watoto wake bado wanakuja kwa Mama Furaha kula. Kuhusu karatasi, sijui sasa iko ukutani ama ndani ya mukoba, na sikuuliza.

Niliporudi kutundika kabati sikutaka parapli. Nilipigilia shevro mpya upande wa kulia, nikafunga jipsi, nikaweka visi nne ndani ya mbao. Furaha alisimama chini ya ngazi akinipa visi moja moja. Hakuwa amenilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa linanichosha kuliko ngazi.

"Papa Deo, siku ile ilikuwa Jumatano?"

"Jumatano, mama."

"Ijumaa alirudi." Alikuwa anaangalia visi iliyobaki kiganjani mwake. "Alikaa hapa siku tatu. Aliona kabati, akanicheka, akasema nimekuwa mutu mukubwa. Ungeniambia, ningemuuliza."

"Najua, mama."

"Angenionyesha. Angenipigia kelele juu ya lile tundu, tungegombana, angenionyesha."

Akanipa visi ya mwisho. Nikaikaza mpaka ikauma, nikaongeza nusu ya muzunguko, nikashuka. Alikuwa ameweka chai mezani, na nilikunywa nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kinachoangalia ukuta, kwa sababu ndicho alichonisogezea.

Basi gongeni ukuta, musikilize. Fungeni utepe kwenye meshi mujue mahali pa kusimama, musiegemee kwa kifua. Angalieni misumari imepigiliwa na nani. Mukiingia nyumba ya zamani ya Goma, ulizeni kwanza kama kuna ubao ambao mwenye nyumba aliupigilia mwenyewe. Na meshi ikitoka na kitu ambacho si ukuta, musiipanguse. Ishikeni hivyohivyo, mumuite mwenye nyumba, aione.